Dawa inayopenya pale saratani ilipo na ufa: Tuliyojifunza nyumbani kwetu

Mwaka 1998 mamangu mdogo alifariki dunia akiwa na miaka 44. Mimi nilikuwa kijana wa sekondari, na hakuna aliyeniambia alikuwa anaumwa na nini. Wakubwa walisema "uvimbe" kwa sauti ya chini. Majirani wengine walisema ni jicho la watu. Alipozikwa, neno hilo likazikwa naye.

Miaka 25 baadaye, mwaka 2023, binti yake mkubwa alianza kujaa tumbo. Wenyewe mwajua, kwetu Pwani mtoto wa mama mdogo ni dada, haitwi binamu. Kwa hiyo hapa nitamwita Dada, kwa kuwa ameniruhusu nisimulie habari zake lakini jina lake nisilitaje. Kwa muda wa miezi minane alikuwa akipewa dawa za gesi na za vidonda vya tumbo katika zahanati mbili tofauti. Alipopigwa picha ya tumbo, ikaonekana saratani ya mfuko wa mayai, na imeshaenea.

Alifanyiwa upasuaji, akaanza dawa za kemo. Siku moja daktari akamuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amewahi kutuuliza: "Nani mwengine katika ukoo wenu aliyeugua saratani ya titi au ya mfuko wa mayai?" Dada akamtaja mamake. Akamtaja na nyanya yetu, ambaye wazee husema alikuwa na "donda la titi lisilopona". Damu ikachukuliwa, ikapelekwa ng'ambo, na baada ya wiki kadhaa jibu likarudi: ana hitilafu katika jeni inayoitwa BRCA1.

Mimi si daktari. Diploma yangu ni ya uhasibu. Lakini mamangu mzazi, dada wa marehemu, aliniuliza swali moja: "Hicho kitu ni nini, na kimetoka wapi?" Sikuweza kumjibu. Ikanibidi nisome, nimuulize daktari, nirudi nisome tena. Makala haya ni yale niliyomweleza mamangu, na nayaandika hapa kwa sababu najua si nyumba yetu pekee yenye neno lililozikwa.

Kitabu na mafundi wake

Mwili umejengwa kwa seli, na karibu kila seli ina DNA ndani yake. DNA ni maandishi ya kuuendesha mwili, yenye herufi kama bilioni 3. Ukiinyoosha DNA ya seli moja tu, urefu wake wafika kama mita 2. Jeni ni kifungu kimoja cha maandishi hayo, kinachoeleza namna ya kutengeneza kitu fulani mwilini.

Maandishi haya huharibika kila siku. Jua huyachoma, moshi wa sigara huyatia sumu, na hata kazi za kawaida za mwili, kama kugeuza chakula kuwa nguvu, huyakwaruza. Wanasayansi wanakadiria kwamba kila seli hupata majeraha ya DNA makumi ya maelfu kwa siku moja. Lau yasingetengenezwa, tusingeishi.

Lakini Mwenyezi Mungu ameweka mafundi ndani ya seli. Ni protini ambazo kazi yake ni kukagua DNA, kukata palipoharibika na kuandika upya. Mwaka 2015 Tuzo ya Nobel ya Kemia ilitolewa kwa watu watatu walioonyesha jinsi mafundi hawa wanavyofanya kazi: Tomas Lindahl wa Sweden, Paul Modrich wa Marekani, na Aziz Sancar, Mturuki aliyefanya kazi zake Marekani. Huyu Sancar alizaliwa katika mji mdogo wa Savur, kusini mashariki mwa Uturuki. Wazazi wake hawakujua kusoma wala kuandika, lakini walihakikisha watoto wao wote wanasoma.

Mafundi hawa wamegawana kazi. DNA ni nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja kama kamba. Ukikatika uzi mmoja, fundi mmoja maarufu anayekuja ni protini iitwayo PARP. Huyu huliona jeraha, hukaa juu yake na kuwaita wenzake waje kuziba. Zikikatika nyuzi zote mbili, jambo ni zito zaidi. Hapo huja mafundi wakubwa, na miongoni mwao ni BRCA1 na BRCA2. Hao hutengeneza kwa kunakili kutoka kwenye nakala nyengine iliyo nzima, ili herufi zirudi vile zilivyokuwa.

Kwa hiyo BRCA si jina la ugonjwa. Sote tunayo jeni hii, wanawake na wanaume, na kazi yake ni kutulinda. Ni pale inapokuwa na hitilafu ndipo hatari inapoingia.

Kwa nini fundi akikosekana saratani huja

Kila jeni tunazo nakala mbili, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Mtu aliyerithi nakala moja mbovu ya BRCA1 bado ana nakala moja nzima katika seli zake zote, na hiyo yatosha kwa kazi. Anaweza kuishi miaka mingi bila kujua lolote.

Shida ni kwamba hana akiba. Ikitokea seli moja ya titi au ya mfuko wa mayai ikaipoteza ile nakala nzima iliyobaki, seli hiyo sasa haina fundi huyo kabisa. Makosa ya DNA yanajilimbikiza ndani yake, na baadhi ya makosa hayo yanaifanya izaane bila mpango. Hiyo ndiyo saratani.

Utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2017, uliowafuata wanawake karibu 10,000 wenye hitilafu hizi, wengi wao wa Ulaya, uliona hivi: kati ya wanawake 100 wenye hitilafu ya BRCA1, kama 72 hupata saratani ya titi kabla ya kufika miaka 80, na kama 44 hupata ya mfuko wa mayai. Kwa BRCA2 ni kama 69 kwa titi na 17 kwa mfuko wa mayai. Hatari ni kubwa, lakini si hukumu. Wapo wanaoishi wakazeeka bila kuugua.

Udhaifu uliogeuzwa kuwa tundu la kupitishia dawa

Mamangu alinisimamisha hapa. "Kama fundi hayupo, basi maradhi hayo ndiyo yenye nguvu zaidi. Dawa itafanya nini?"

Mamangu ni binti wa nahodha, kwa hiyo nilimjibu kwa mfano wa chombo.

Chombo cha mbao kina njia mbili za kukinusuru na maji. Ya kwanza ni kalafati: fundi hujaza pamba kwenye maungio ya mbao ili maji yasipenye. Ya pili ni upo: baharia huyafua maji yaliyoingia na kuyamwaga nje. Chombo kizima, chenye kalafati nzuri, ukikinyang'anya upo kitafika bandarini bila taabu. Lakini chombo ambacho kalafati yake imeoza kinaelea kwa sababu moja tu, kwamba kuna mtu anafua maji usiku na mchana. Ukimnyang'anya huyo upo, chombo kinazama.

Seli ya saratani ya Dada ni chombo kisicho na kalafati. BRCA1 haipo. Inaishi kwa kutegemea mafundi waliobaki, na mmoja mkubwa kati yao ni PARP. Seli nyengine za mwili wake bado zina nakala moja nzima ya BRCA1. Kwa hiyo ukitoa dawa inayomzuia PARP asifanye kazi, seli nzima zitavumilia. Seli za saratani zitazama.

Kwa hakika dawa hufanya zaidi ya kumzuia PARP. Humnasa pale pale juu ya DNA, akashindwa kubanduka. Seli inapotaka kuzaliana ni lazima inakili DNA yake yote, na inapofika mahali PARP aliponaswa, njia imezibwa na nyuzi zote mbili zakatika. Seli nzima ingemwita BRCA atengeneze. Seli ya saratani inaita na hakuna anayekuja. Inakatika hapa, inakatika pale, mwishowe inakufa.

Mamangu alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Kwa hivyo kilichomleta ndicho kitakachomuondoa." Nikamwambia ndiyo, hivyo ndivyo.

Hapa ndipo penye tofauti na kemo tulizozizoea. Dawa nyingi za kemo, na mionzi pia, huua saratani kwa kuivunja DNA yake, lakini huvunja na DNA ya seli nzima zinazozaliana kwa kasi, kama za nywele, za utumbo na za damu. Ndiyo maana mgonjwa hunyonyoka nywele na kutapika. Dawa ya kuzuia PARP inatafuta ufa ulio kwenye saratani, ufa ambao seli nzima hazina.

Njia ya miaka mingi

Haya hayakupatikana kwa siku moja. Mwaka 1990 mwanasayansi wa Marekani, Mary-Claire King, alionyesha kwamba kuna jeni katika kromosomu ya 17 inayosababisha saratani ya titi katika koo fulani. Wakati huo wataalamu wengi hawakuamini kwamba saratani ya kawaida kama hiyo yaweza kurithiwa kwa njia ya jeni moja. Mwaka 1994 jeni yenyewe, BRCA1, ikapatikana. Mwaka uliofuata ikapatikana BRCA2.

Mwaka 2005 makundi mawili ya watafiti nchini Uingereza, moja likiwa na Alan Ashworth wa London na jengine likiwa na Thomas Helleday aliyekuwa Sheffield, yalichapisha kwa wakati mmoja matokeo yanayofanana: seli zisizo na BRCA hufa ovyo zikipewa dawa ya kuzuia PARP, na seli nzima hazidhuriki sana. Kampuni ndogo iliyoanzishwa na Steve Jackson, profesa wa Cambridge, ilikuwa tayari inatengeneza dawa ya aina hiyo. Dawa hiyo ndiyo iitwayo leo olaparib. Mwisho wa mwaka 2014 iliruhusiwa Marekani na Ulaya kwa saratani ya mfuko wa mayai yenye hitilafu ya BRCA. Baadaye ikaruhusiwa kwa baadhi ya saratani za titi, za kongosho na za tezi kibofu. Zimefuata nyengine za jamii hiyo: rucaparib, niraparib na talazoparib.

Ni vidonge. Mgonjwa humeza nyumbani; olaparib humezwa asubuhi na jioni.

Na zinasaidia kiasi gani? Katika utafiti mmoja wa wanawake 391 wenye saratani ya mfuko wa mayai iliyoenea na hitilafu ya BRCA, waliomaliza kemo na kuitikia vizuri, wengine walipewa olaparib na wengine kidonge kisicho na dawa. Baada ya miaka 3, kati ya kila 100 waliopewa olaparib, 60 walikuwa hai bila maradhi kurudi. Kwa wasiopewa, walikuwa 27. Baada ya miaka 7, kama 67 kati ya 100 wa kundi la kwanza walikuwa hai, na kama 46 wa kundi la pili. Kwa maradhi ambayo zamani yalikuwa yakirudi karibu kila mara, hiyo ni tofauti kubwa.

Kwa saratani ya titi iliyogunduliwa mapema kwa wenye hitilafu hizi, utafiti wa wagonjwa zaidi ya 1,800 uliotangazwa mwaka 2021 uliona kwamba mwaka mmoja wa olaparib baada ya matibabu ya kawaida ulipunguza kurudi kwa maradhi. Baada ya miaka 3, kama 86 kati ya 100 walikuwa salama, ikilinganishwa na 77 wa kundi lisilopewa dawa.

Mipaka yake, tusidanganyane

Kwanza, dawa hii si ya kila saratani. Chombo chenye kalafati nzima hakizami kwa kunyang'anywa upo. Ni lazima pimo lionyeshe kwamba saratani yako ina ufa huo, ama kwa kurithi ama kwa hitilafu iliyozuka ndani ya uvimbe wenyewe. Kwa aina kali iliyo ya kawaida zaidi ya saratani ya mfuko wa mayai, kama nusu ya wagonjwa wana uvimbe wenye udhaifu wa aina hii, hata wasiorithi chochote.

Pili, ina madhara. Hupunguza damu, huleta kichefuchefu na uchovu mwingi, na kwa wachache huweza kuleta saratani ya damu. Mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara.

Tatu, saratani ina ujanja. Baadhi ya seli hupata badiliko jipya linaloirudishia BRCA kazi yake. Yaani chombo kinapata kalafati upya kikiwa baharini, na upo hauhitajiki tena. Hapo dawa huacha kufanya kazi. Ndiyo maana watafiti sasa wanajaribu dawa zinazowalenga mafundi wengine wa DNA, ili wakati njia moja inapofungwa pawe na nyengine.

Nne, ni bei. Huko Marekani dawa hii huuzwa zaidi ya dola 10,000 kwa mwezi. Hapa kwetu, daktari alipotutajia gharama, tulitazamana tu. Ukoo umefungua kundi la mchango, na ndugu walioko Muscat na Jeddah wameshika sehemu yao. Mpaka naandika haya tumeweza kununua ya miezi mitatu. Dada anameza, damu yake imeshuka kidogo, na picha ya mwisho haikuonyesha uvimbe mpya. Alhamdulillahi. Mwezi wa nne hatujui utapatikana vipi, na daktari anataka ameze miaka miwili.

Kwa mtu ambaye hana ndugu Jeddah, kuna jambo moja la kumpa moyo. Dawa za kemo zenye madini ya platinamu, kama sisplatini na kaboplatini, ni za zamani, zina bei nafuu zaidi na hutumika katika hospitali zetu. Hizi huifunga DNA kwa namna inayohitaji BRCA ili kufunguliwa. Kwa hiyo wagonjwa wenye hitilafu ya BRCA mara nyingi huzijibu vizuri. Dada alikuwa amepata kaboplatini kabla ya kidonge hicho, na daktari anasema hiyo ndiyo iliyofanya kazi kubwa ya mwanzo. Msidharau kemo ya hospitali mkingoja dawa ya ng'ambo.

Ile habari ya WhatsApp

Mwaka 2022 wengi wetu tulitumiwa ujumbe kwamba dawa ya saratani imepatikana na wagonjwa wote wamepona. Ujumbe ule ulikuwa na ukweli ndani yake, lakini ulikatwa kichwa na miguu.

Ukweli ni huu. Hospitali ya Memorial Sloan Kettering ya New York iliwapa wagonjwa wa saratani ya njia ya haja kubwa dawa iitwayo dostarlimab, na kwa wote 12 wa mwanzo waliomaliza matibabu, uvimbe haukuonekana tena. Lakini wagonjwa hao walichaguliwa. Saratani zao zilikuwa zimekosa kundi jengine la mafundi wa DNA, wale wanaosahihisha makosa ya herufi wakati wa kunakili. Ni mafundi wale wale waliompa Modrich tuzo ya Nobel. Saratani ya aina hiyo hujaa makosa mengi mno, kiasi kwamba askari wa mwili waweza kuitambua kuwa ni kitu kigeni, na dawa ile huwaondolea askari hao breki. Wenye ufa huo ni wachache kati ya wagonjwa wa saratani hiyo.

Kwa hiyo ni somo lile lile: jua kwanza ni fundi gani amekosekana. Na kuanzia leo, mtu akikuuzia poda ya kwenye kopo akakwambia "inarekebisha DNA na kuponya kila saratani", muulize ni fundi gani na ni jeni gani. Hatakuwa na jibu.

Maswali yaliyoulizwa ukumbini kwetu

Baada ya jibu la Dada, jamaa walikaa. Maswali yalikuwa mengi na nayaweka hapa kama yalivyoulizwa.

"Hii ni ya wanawake, sisi wanaume inatuhusu nini?" Hili aliuliza kaka yangu. Inatuhusu sana. Mwanamume huirithi sawa na mwanamke na huwapa watoto wake wa kike na wa kiume, kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Mwanamume mwenye hitilafu, hasa ya BRCA2, ana hatari kubwa zaidi ya saratani ya tezi kibofu, na hata titi la mwanamume huweza kuugua. Msichana aweza kuirithi kutoka kwa babake mzima wa afya. Ukiulizwa na daktari habari za ukoo, taja na upande wa baba.

"Ni kwa sababu tunaoana watoto wa ami na wa mama wadogo?" La. Nakala moja mbovu yatosha kuleta hatari, na hiyo hurithiwa kwa mzazi mmoja, hata kama mwengine ametoka mbali. Ila kuna jambo la kujua: wazazi wote wawili wakiwa na nakala mbovu, kila mtoto ana uwezekano wa moja kwa nne kurithi zote mbili, na hiyo huweza kuleta maradhi mazito ya damu tangu utotoni. Kwa hiyo ukoo wenye hitilafu inayojulikana ukitaka kuozana wenyewe kwa wenyewe, ni busara kupima kwanza, kama tunavyopima damu kwa mambo mengine kabla ya nikaha.

"Ni ya Wazungu hii, si yetu." Si kweli. Utafiti wa Nigeria ulioongozwa na Profesa Olufunmilayo Olopade na kuchapishwa mwaka 2018 uliona kwamba mwanamke 1 kati ya 8 wenye saratani ya titi alikuwa na hitilafu ya kurithi katika BRCA1, BRCA2 au jeni mbili nyengine za jamii hiyo. Hapa Kenya, makadirio ya mwaka 2022 ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani yalikuwa wagonjwa wapya zaidi ya 44,000 na vifo zaidi ya 29,000 kwa mwaka, na ya titi ndiyo yenye wagonjwa wapya wengi zaidi. Wengi wao hawajarithi. Lakini hatutawajua waliorithi kama hatuwaulizi habari za mama zao.

"Tukisema, nani atawaoa mabinti zetu?" Hili lilikuwa zito kuliko yote, na aliyeliuliza alilia. Sina jibu tamu. Nilisema tu kwamba mama mdogo tulimficha, na binti yake akaja kutibiwa gesi miezi minane. Lau ukoo ungetaja neno lile mwaka 1998, Dada angemwambia daktari siku ya kwanza.

Mtungi wa maji uko kwa nani

Nikahesabu yanayonihusu mimi. Mama mdogo karibu hakika alikuwa nayo, na nyanya pia. Mamangu ni mtoto wa nyanya yule yule, kwa hiyo uwezekano wake ni nusu. Wangu ni nusu ya hapo, yaani robo. Na binti zangu wawili, wa miaka 19 na 15, kila mmoja ni nusu ya robo.

Daktari alitueleza kwamba njia ya busara ni kuanzia juu. Apimwe mamangu kwanza. Pimo lenyewe ni jepesi, kwa sababu hitilafu ya ukoo imeshajulikana na wanaitafuta hiyo moja tu. Akiwa hana, basi mimi na ndugu zangu na watoto wetu wote tumetoka katika jambo hili, na hatuna haja ya kupima. Akiwa nayo, tunafuata sisi watu wazima. Binti yangu wa miaka 19 ataamua mwenyewe. Huyu mdogo hatapimwa mpaka awe mtu mzima.

Na mtu akipatikana nayo kabla hajaugua, kuna la kufanya. Huchunguzwa matiti mapema na mara kwa mara kwa vipimo vya picha. Mwenye BRCA1 aliyemaliza kuzaa hushauriwa kuondoa mifuko ya mayai na mirija yake kati ya miaka 35 na 40, kwa sababu saratani ya mahali hapo haina kipimo cha kuigundua mapema. Ni uamuzi mkubwa, na wenye wasiwasi wa kisheria wawaulize masheikh pamoja na madaktari, kila mmoja kwa ujuzi wake.

Mamangu alikataa mwanzo. "Mimi nina miaka 73, mwanangu. Nimeshafika. Damu yangu mwaitakia nini?" Nikanyamaza. Kesho yake baada ya alfajiri alikuja mwenyewe na kisibau chake akauliza: "Wale wajukuu, itawafaa?" Nikamwambia itawafaa. Akasema dua na dawa havijawahi kugombana, na akataka twende mapema kabla ya foleni.

Damu ilichukuliwa Jumanne iliyopita. Jibu ni baada ya wiki kadhaa. Ninaposubiri ninakuomba wewe msomaji jambo moja: leo usiku muulize mamako, au shangazi yako, au yeyote mkubwa aliyebaki, waliokufa katika ukoo wenu walikufa na nini, na wakiwa na umri gani. Andika majina kwenye karatasi. Wakiwemo wawili au zaidi wa upande mmoja wenye saratani ya titi, ya mfuko wa mayai, ya kongosho au ya tezi kibofu, au mmoja aliyepata ya titi akiwa bado kijana, ichukue karatasi hiyo umpelekee daktari. Haina gharama. Sisi hatukuwa na karatasi hiyo, na tumeilipia miezi minane ya Dada.